Plastiki imeyeyuka kwenye jiko la kioo? Lijue jiko kwanza

Ajali yenyewe huisha kabla kitunguu hakijamalizwa kumenywa. Sufuria imeepuliwa, jiko limezimwa, na uso wa kioo ni mweusi, umetulia, hauonyeshi dalili yoyote ya moto. Mtu anatua hapo mfuko wa nyanya, mfuniko wa kontena au mwiko wa nailoni. Harufu kali inamshtua. Anaunyanyua mfuko, na nusu yake inabaki kwenye kioo, ikivutika kama ulimbo.

Kinachofuata ndicho kinachoamua hatima ya jiko. Wengi humwaga maji ya baridi, wakachukua kisu, kisha stilwaya. Baada ya muda plastiki imepungua kweli, lakini kioo kimejaa mikwaruzo, au kimepata ufa, au kimevunjika kabisa. Lawama huiangukia plastiki. Mara nyingi, hata hivyo, jiko huharibiwa zaidi na uokoaji kuliko ajali.

Ni vizuri kulizungumza jambo hili sasa, kwa sababu majiko ya kioo yanaingia katika nyumba ambazo juzi tu zilikuwa zikitegemea mkaa na jiko la mchina. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa Tanzania, wa mwaka 2024 hadi 2034, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Kenya nako, shirika la umeme la Kenya Power limekuwa likiwahimiza wateja wake kuingia jikoni na umeme kupitia kampeni ya Pika na Power. Kwa familia nyingi za mijini, safari hiyo inaishia kwenye jiko la gesi la mezani lenye uso wa kioo, au jiko la umeme la kioo lenye vitufe vya kugusa. Kwa macho yanafanana. Plastiki ikishayayeyukia, kila moja linataka tiba yake.

Vioo viwili visivyofanana

Namna ya kuyatofautisha ni rahisi. Kioo cha jiko la gesi kina matundu, na ndani ya kila tundu kumekaa kichwa cha kutolea moto. Kioo cha jiko la umeme ni bamba zima lisilo na tundu, na moto unatoka chini yake.

Kioo cha jiko la gesi kwa kawaida ni kioo cha kawaida kilichokomazwa. Kiwandani hupashwa joto hadi kupita nyuzi 600 za Selsiasi, kisha hupulizwa hewa ya baridi kwa nguvu. Uso wake hupoa na kukaza kabla ya sehemu ya ndani, na kuanzia hapo kioo kizima huishi kimejibana: ngozi ya nje imekandamizwa, kiini kinavutwa. Mbano huo ndio nguvu yake, na ndio udhaifu wake pia. Mkwaruzo wa juu juu hakiujali. Mkwaruzo unaopenya ngozi ya nje huufungua mbano wote kwa mpigo, na kioo kikasambaratika vipande vidogo vidogo. Hilo laweza kutokea papo hapo, au siku nyingine kabisa, jiko likiwa halina hata sufuria juu yake.

Kioo cha jiko la umeme ni kitu kingine. Kinaitwa kioo cha seramiki, na kilipatikana kwa bahati. Mwaka 1953 Donald Stookey, mkemia wa kampuni ya Corning katika jimbo la New York, Marekani, aliweka kipande cha kioo kwenye tanuri akikusudia kukipasha hadi nyuzi 600. Kidhibiti cha joto kikakwama, tanuri likapanda hadi nyuzi 900. Alitegemea kukuta kioo kimeyeyuka na kuliharibu tanuri. Alichokuta ni bamba jeupe, gumu, ambalo lilipomponyoka na kuanguka sakafuni halikuvunjika. Joto lilikuwa limekigeuza kioo kuwa mkusanyiko wa fuwele ndogo mno. Kufikia 1958 Corning ilikuwa ikiuza vyombo vya kuokea vya aina hiyo, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Schott ya Mainz, Ujerumani, ikaleta bamba la kupikia la kioo cha seramiki kwa jina la CERAN.

Sifa kubwa ya kioo hiki ni kwamba hakitanuki kikipata moto wala hakisinyai kikipoa, au hubadilika kwa kiasi kidogo mno. Ndiyo maana duara moja linaweza kuwa jekundu kwa moto huku pembeni yake ukiweka mkono, na bamba lisipasuke. Kwenye plastiki iliyoyeyuka, sifa hiyohiyo hugeuka kuwa tatizo, kama tutakavyoona.

Plastiki nazo hazilingani

Plastiki ya mifuko laini, polithini, nayo ilipatikana bila kutafutwa. Mwaka 1933 Eric Fawcett na Reginald Gibson, wakemia wa kampuni ya ICI huko Northwich, Uingereza, walikuwa wakijaribu jambo jingine wakaambulia kitu cheupe kama nta. Kitu hicho huyeyuka kwenye nyuzi 105 hadi 115 hivi, juu kidogo tu ya maji yanayochemka. Aina yake ngumu, inayotengenezwa madumu na chupa za sabuni, huyeyuka kwenye nyuzi 120 hadi 135. Polipropilini, ambayo ndiyo kontena nyingi za chakula na mifuniko yake, huvumilia hadi nyuzi 160 au zaidi kidogo. Miiko ya nailoni hufika karibu na nyuzi 260 kabla ya kuyeyuka. Uso wa jiko la umeme linalong'aa wekundu unaweza kupita nyuzi 500. Hakuna hata moja kati ya plastiki hizi inayosalimika hapo.

Tahadhari moja inawahusu hasa Watanzania. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, sokoni imetawala mifuko mbadala ambayo ukiishika unaweza kudhani ni kitambaa. Mingi ni nyuzi za polipropilini zilizounganishwa kwa joto. Mtu anaiamini, anaitua karibu na moto kama angetua kikapu cha ukindu, na inayeyuka kama plastiki nyingine yoyote. Viroba vya mchele na unga ni vya ukoo huohuo.

Sahani na miiko ya melamini iko tofauti. Melamini haiyeyuki, huungua, hubadilika rangi na kupasuka, ikitoa harufu inayochoma pua. Ikiacha alama kwenye kioo, kupasha moto hakutailainisha. Hiyo husubiriwa ipoe, ikakwanguliwa taratibu.

Dakika za kwanza

Kwa jiko lolote, hatua za mwanzo ni zilezile. Zima jiko. La gesi, funga na regulata ya mtungi. La umeme, zima kwenye kitufe chake, na kama kuna moto unaowaka, zima kwenye swichi ya ukutani. Kipande kikubwa cha plastiki ambacho bado hakijashika, kinyanyue kwa koleo la chuma au mwiko wa mti. Usikivute kwa nguvu, kinachokataa kiache.

Fungua madirisha na mlango, kisha watoe jikoni watoto, wajawazito na mwenye pumu. Moshi wa plastiki si wa kuvumilia kwa ushujaa. Baadhi ya plastiki, kama PVC ya mipira ya maji na ngozi za nyaya, hutoa gesi ya asidi inayounguza koo na mapafu. Kama plastiki imeshika moto, funika kwa mfuniko wa chuma. Usimwage maji: kwenye jiko la umeme ni hatari ya kupigwa shoti, na kwenye kioo chenye moto ni kukikaribisha kipasuke.

Plastiki iliyoyeyuka ikimdondokea mtu mkononi, iache plastiki hiyo hapohapo ngozini. Mwagie maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mpeleke kituo cha afya. Kuibandua ni kuondoka na ngozi. Dawa ya meno, unga na yai haviponyi. Vinampa mganga kazi ya ziada ya kusafisha.

Jiko la umeme: ondoa kabla haijaganda

Hapa ndipo ushauri unapokwenda kinyume na mazoea. Uchafu mwingi wa jikoni tunaambiwa tusubiri jiko lipoe. Plastiki kwenye kioo cha seramiki haitaki kusubiri hadi baridi. Watengenezaji wengi wa majiko haya huandika hivyo kwenye vitabu vyao: plastiki na sukari viondolewe uso ukiwa bado na joto.

Sababu ni ile sifa ya kioo tuliyoitaja. Plastiki hutanuka sana ikiyeyuka na husinyaa sana ikipoa. Kioo cha seramiki hakisogei. Plastiki iliyokishika kioo kwa moto mkali inapojikunja, huvuta uso wa kioo, na wakati mwingine hung'oka na vichembe vyake. Vinabaki vishimo vidogo visivyozibika. Ndivyo ilivyo pia shira ya kaimati au sukari ya kashata ikimwagika na kuachwa igande.

Kifaa kinachofaa ni kikwangulio chenye wembe mmoja, kile mafundi rangi wanachotumia kuondolea matone ya rangi kwenye vioo vya madirisha. Kinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Chagua chenye mpini wa chuma, na uweke wembe mpya; wembe wenye pengo au kutu ndio unaochora.

Kwanza subiri moshi ukome. Plastiki inayofuka bado ni majimaji, ukiigusa unaitandaza. Ikishakuwa nzito na laini, vaa glavu za oveni, laza kikwangulio karibu kabisa na kioo, kama nyuzi 30 hivi, usukume kuelekea mbele, mbali na mwili wako, kutoka sehemu ya moto kwenda sehemu iliyopoa. Sukuma kwa mapana ya wembe, ncha isitangulie. Kila msukumo ukiisha, futa wembe kwa kitambaa kikavu cha pamba. Usitumie kikwangulio cha plastiki, kwani utakuwa umeongeza ajali juu ya ajali.

Ikiwa ulichelewa na plastiki imeshaganda, usishindane nayo. Kwenye jiko linalowaka wekundu, washa kwa kiwango cha chini kabisa, simama hapohapo, na zima mara tu kingo za plastiki zinapoanza kulegea. Kwangua kinachotoka. Rudia hadi iishe. Anayewasha kwa nguvu ili amalize upesi ataishia kwenye moshi uleule wa mwanzo, na polithini ikikaribia nyuzi 350 inaweza kuwaka.

Jiko la indaksheni, lile linalokubali tu sufuria inayonaswa na sumaku, halina moto wake lenyewe. Joto la kioo limetoka kwenye sufuria. Uzuri ni kwamba plastiki huwa haijashika sana. Chovya kitambaa kwenye maji yaliyotoka kuchemka, kikamue kwa uangalifu, kilaze juu ya plastiki dakika chache, kisha kwangua. Mashine ya kukaushia nywele hufanya kazi hiyo vilevile.

Jiko la gesi: subiri lipoe

Kwa jiko la gesi la kioo, geuza ushauri. Joto la kioo hiki ni dogo, plastiki haikishiki kwa nguvu ileile, na hatari iliyo mbele yako ni mkwaruzo wenye kina na badiliko la ghafla la joto. Kwa hiyo acha jiko lipoe kabisa, hadi uweke kiganja bila wasiwasi.

Likishapoa, funga vipande vya barafu kwenye kitambaa na uviweke juu ya plastiki kwa dakika kadhaa. Plastiki inasinyaa, inakuwa kavu, na kingo zake zinaanza kuachia. Ingiza chini yake ukingo wa mwiko wa mti, au kadi ya zamani ya benki, uinyanyue kidogo kidogo. Barafu ni ya kioo kilichopoa tu. Kwenye kioo chenye moto ni sawa na kumwaga maji ya baridi. Wembe, kama lazima utumike hapa, utumike kwa kulazwa na bila kukandamiza. Kisu chenye ncha kisisogee.

Kagua pia kichwa cha moto. Kichomoe, kitazame matundu yake, na kama plastiki imeingia, zibua kwa sindano nje ya jiko. Hicho ni chuma, hakina makuu. Kirudishe kikae sawasawa, kisha washa: moto wa bluu ulio sawa pande zote maana yake kuko sawa. Moto wa njano unaorukaruka au unaotia sufuria masizi unaonyesha kuwa bado kuna kilichoziba. Kama mpira wa gesi uliguswa na joto au na plastiki, pakaza povu la sabuni kwenye maungio na uangalie kama kuna mapovu yanayokua. Yakiwapo, funga mtungi na umwite fundi.

Utando unaobaki

Plastiki nene ikishatoka, hubaki utando mwembamba, wa kijivu au wenye rangi ya mfuko. Sasa jiko liwe limepoa, la gesi na la umeme sawa. Changanya bekingi soda na maji kidogo iwe rojo zito, paka, funika kwa kitambaa chenye unyevu wa maji ya moto, uache kwa robo saa. Sugua kwa kitambaa laini au upande laini wa sponji, kwa mduara, bila nguvu. Rudia kama inahitajika. Maliza kwa kitambaa chenye siki nyeupe kidogo ili kuondoa ukungu wa soda, kisha maji safi, kisha kikavu. Krimu maalumu ya majiko ya seramiki ikipatikana dukani ni bora zaidi, lakini si lazima.

Kuna dawa za mtaani ambazo hazina kazi hapa. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha haiyeyushi polithini wala polipropilini, hata ukiimwaga chupa nzima. Inachoweza kufanya kwa urahisi kwenye jiko lenye joto ni kulipuka. Petroli na mafuta ya taa ni vivyo hivyo. Jiki husafisha madoa ya nguo, haina uwezo juu ya plastiki, na ikichanganywa na siki hutoa gesi ya klorini ambayo ni sumu. Stilwaya na mchanga huondoa plastiki pamoja na mng'ao wa kioo.

Usisahau sufuria. Plastiki iliyoshika chini yake itarudi kwenye kioo siku utakapowasha tena. Iweke sufuria kwenye friza kwa saa moja au mbili, kisha ibandue plastiki. Nyingi hutoka yenyewe.

Kama kioo kimeumia

Vishimo vidogo kwenye kioo cha seramiki ni kovu la sura. Jiko linaendelea kupika. Ufa ni habari nyingine, hata ukiwa mwembamba kama unywele. Kwenye jiko la umeme, supu ikimwagika inaweza kupenya ufa hadi kwenye nyaya. Lizime ukutani na usilitumie hadi fundi abadilishe bamba. Kwenye jiko la gesi, ufa au pengo kwenye ukingo wa kioo kilichokomazwa ni onyo kwamba kinaweza kusambaratika wakati wowote, pengine mtu akiwa ameinama juu ya ugali. Kuziba kwa gundi si matengenezo.

Anayepika ndiye anayestahili kujua

Kila jiko la aina hii huja na kitabu cha maelekezo, na kitabu hicho husema mengi ya haya. Tatizo ni kwamba kimeandikwa kwa lugha ya kigeni, kikasomwa na aliyenunua jiko, au hakikusomwa na yeyote, kisha kikaishia kwenye droo na risiti. Anayesimama mbele ya jiko kila siku ni dada wa kazi, mtoto wa shule au bibi aliyekuja kutembea. Hajaambiwa kwamba taa ndogo au herufi H inayobaki ikiwaka baada ya kuzima maana yake ni uso bado una moto. Hajaambiwa kwamba kioo hicho si mahali pa kutua mfuko hata kidogo. Ajali ikitokea, anakatwa mshahara kwa kosa ambalo hakuwahi kufundishwa kuliepuka.

Mfundishe. Dakika tano zinatosha kumwonyesha herufi H, kumwambia plastiki zikae upande mwingine wa meza, na kumweleza kwamba jiko la umeme hukwanguliwa likiwa na joto na la gesi likiwa limepoa. Kisha nunua kikwangulio chenye wembe kabla hujakihitaji, kiweke mahali mtoto hafiki, na hakikisha anayepika anajua kilipo. Bei yake haikaribii hata kidogo bei ya kioo kipya.